Maziwe, Kisiwa Kisicho na Mkazi



Idadi ya wakazi wa Kisiwa cha Maziwe ni sifuri. Nyumba hakuna, kisima hakuna, mnazi hakuna. Siku za bamvua, maji yakijaa, hata mchanga wenyewe huuoni. Pamoja na hayo, kisiwa hicho kimewekewa mipaka kwa sheria, kina mamlaka inayokisimamia, kina ada ya kuingia, na upande wa pili wa maji kuna kijiji ambacho kila uamuzi unaohusu fungu lile la mchanga unakigusa mfukoni. Kijiji hicho ni Ushongo. Basi leo nataka tuizungumze Maziwe kama tunavyozungumza habari za nchi: ilivyokaa, watu wake, serikali yake na uchumi wake. Najua utacheka. Vumilia kidogo, maana baadaye nitakupeleka mpaka Bahari ya Pasifiki, kwenye visiwa ambavyo nchi kavu yake yote ingeenea ndani ya kata moja ya Pangani ikabaki nafasi, na uone wenzetu wamefanya nini na kidogo walicho nacho.

Tuanze na mahali. Ushongo iko wilaya ya Pangani, kusini mwa Mto Pangani. Ukitoka Pangani mjini unavushwa na kivuko hadi Bweni, unashika njia ya kusini, mkonge huku na minazi kule, mpaka unatokea ufukweni. Pale mtoni linajengwa daraja la mita 525, kwenye barabara ya kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo. Magari yakianza kupita juu yake, wageni wa kutoka Dar es Salaam hawatasubiri kivuko, na Ushongo haitakuwa tena kijiji cha mwisho wa njia.

Simama ufukweni utazame mashariki. Maziwe iko kama kilomita 8 baharini. Mbele yake ni mkondo wa Pemba, maji ya kina kirefu, ya buluu iliyoiva. Bahari ya kwetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kwenye kisiwa kilichosimama juu ya jiwe, mita 3 ni jambo la kufunga mashua vizuri tu. Kwenye fungu la mchanga, ndizo zinazoamua kama kisiwa kipo au hakipo. Nahodha anayepeleka wageni Maziwe hupanga safari yake kwa kuhesabu mwezi kwanza, ndipo aulize mengine. Akikosea hesabu, atawashusha watu kwenye maji ya magoti.

Kisiwa hiki hakikuwa hivi. Kilikuwa na msitu wa mivinje, na kilijulikana kwa kasa. Wataalamu walioitembelea pwani hii miaka ya 1970 waliitaja Maziwe kuwa miongoni mwa mazalia makubwa ya kasa Afrika Mashariki. Walitaga kasa wa kawaida, ng'amba, na yule kasa mdogo wa rangi ya zeituni ambaye ni nadra sana kumwona akitaga kwenye pwani yetu. Mwaka 1975 Serikali ikakitangaza kisiwa kuwa eneo tengefu, mwaka uleule vilipotangazwa visiwa vya Dar es Salaam: Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 Maziwe haikuwa na mti hata mmoja, na bahari ilikuwa inapita juu yake.

Yaani kisiwa kilipata ulinzi wa sheria, kisha katika muda usiofika miaka kumi kikaliwa na maji. Tangazo kwenye gazeti la serikali linamzuia mvuvi. Wimbi halisomi.

Sababu zimejadiliwa sana. Wapo wanaosema ni ukataji wa mivinje, wapo wanaosema ni bahari kupanda, wapo wanaotazama mikondo na jinsi mchanga unavyohama. Mimi naegemea upande wa miti. Mizizi ndiyo inayoshika mchanga, na ikiondoka, kusi inausukuma huku na kaskazi inausukuma kule, hadi unakwisha. Bahari imepanda, hilo halina ubishi. Ila imepanda pia Mbudya na Bongoyo, na vile visiwa vipo na miti yake, ingawa ni haki kusema kwamba vimesimama juu ya jiwe la matumbawe, si mchanga mtupu.

Sasa wakati Maziwe inazama, kuna watu walikuwa wamekaa mezani wakiandika kisiwa ni kitu gani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari ulitiwa saini Montego Bay, Jamaica, tarehe 10 Desemba 1982. Unasema kisiwa ni ardhi ya asili iliyozungukwa na maji, inayobaki juu maji yanapojaa. Mwamba ambao binadamu hawezi kuishi juu yake wala kupata riziki yake mwenyewe, hauna haki ya ukanda wa kiuchumi wa maili 200. Na ardhi inayojitokeza wakati wa kupwa tu haina hata bahari yake ya maili 12, isipokuwa iwe imekaa karibu na nchi kavu. Hapo taifa linaruhusiwa kuanzia kipimo chake kwenye ukingo wa fungu hilo. Maziwe iko karibu mno na Ushongo, kwa hiyo Tanzania haikupoteza tone la maji kisiwa kilipozama. Kwenye ramani za mabaharia mambo ni yaleyale. Labda ndiyo maana kule mbali habari ya kuzama kwake haikumstua mtu.

Kuna wenzetu duniani ambao hawana anasa hiyo.

Tokelau ni visiwa vitatu vya matumbawe kaskazini mwa Samoa: Atafu, Nukunonu na Fakaofo. Nchi kavu yake yote haizidi kilomita za mraba 12, na mahali palipoinuka kuliko pote ni kama mita 5 kutoka usawa wa bahari. Wakazi hawafiki 2,000. Uwanja wa ndege hakuna. Unapanda meli Apia, mji mkuu wa Samoa, na safari inakula zaidi ya siku nzima. Si taifa huru; ni eneo lililo chini ya New Zealand, na watu wake ni raia wa New Zealand, ambako wenzao zaidi ya 8,000 wanaishi.

Ukisikia hivyo utawaonea huruma. Sasa sikiliza hesabu hii. Ukanda wa kiuchumi wa baharini wa Tanzania nzima, Bara na Visiwani, ni kama kilomita za mraba 223,000. Wa Tokelau unapita 300,000. Watu wanaoweza kuenea kwenye shule moja ya sekondari wana bahari kubwa kuliko yetu, kwa sababu visiwa vyao vimekaa katikati ya bahari kuu, na ukanda wao unaenea kila upande hadi unapokutana na wa jirani. Katika maji hayo wanapita jodari. Meli za nje zinazotaka kuwavua zinalipia kila siku zitakayotega nyavu, na fedha hizo za leseni ndiyo nguzo ya mapato yao ya ndani, pamoja na msaada mkubwa wa New Zealand. Kwetu kazi ya leseni kama hizo iko kwa Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, ambayo makao yake ni Fumba, Zanzibar.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote ya leo. Mali ya kisiwa haiko kwenye mchanga wake, iko kwenye maji yanayokizunguka. Mwenye kauli juu ya maji hayo ndiye mwenye kisiwa, awe anaishi juu yake au asiishi.

Watu wa visiwa vya Pasifiki wameling'amua jambo hilo mapema. Agosti 2021 viongozi wa Jukwaa la Visiwa vya Pasifiki walitoa tamko kwamba mipaka ya bahari zao, ikishawekwa kwa mujibu wa mkataba, haitapunguzwa hata kama bahari itapanda na kuila ardhi iliyopimiwa. Kwa maneno mengine, kisiwa kinaweza kuzama, maji yake yakabaki na mwenyewe.

Naomba nikutoe nje ya njia kidogo, kwa kuwa sisi na visiwa hivyo tumelala kitanda kimoja zamani. Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipandisha bendera yake Pangani, na vita ya Abushiri bin Salim ikalipuka palepale. Desemba 1889 akanyongwa, Pangani hiyohiyo. Mwaka 1900 Wajerumani wakapandisha bendera Samoa ya magharibi. Vita Kuu ya Kwanza ikawapokonya kote kuwili. Tanganyika ikakabidhiwa Uingereza, Samoa ikakabidhiwa New Zealand, zote kwa jina la Shirikisho la Mataifa, na baada ya 1945 zote zikawa nchi za udhamini wa Umoja wa Mataifa. Baraza la Udhamini ambalo Mwalimu Nyerere alisimama mbele yake New York Machi 1955 ndilo lililokuwa likisikiliza pia maombi ya Wasamoa. Sisi tukajitawala tarehe 9 Desemba 1961. Samoa ya magharibi ikajitawala tarehe 1 Januari 1962. Tumepishana kwa siku 23.

Tokelau ilibaki nyuma, kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya maeneo yasiyojitawala, na ipo humo mpaka leo. Na kwa miaka minane, tangu 1972 hadi 1980, mwenyekiti wa Kamati Maalumu ya Umoja wa Mataifa iliyosimamia orodha hiyo alikuwa Salim Ahmed Salim, kijana wa Zanzibar, balozi wetu New York. Vijana wa leo wanamkumbuka kwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Wachache wanajua kwamba hata mambo ya visiwa vidogo vya Pasifiki yalipita mezani kwake.

Je, watu wa Tokelau wanautaka uhuru? Waliulizwa mara mbili, Februari 2006 na Oktoba 2007, kama wanataka kujitawala kwa ushirika na New Zealand. Ilitakiwa theluthi mbili ya kura. Mara ya kwanza wakapata asilimia 60. Mara ya pili asilimia 64. Zilipungua kura 16. Kura 16, msikilizaji! Kwetu huo ni mtaa mmoja. Sitaki kuwahukumu waliokataa. Mtu mwenye hati ya kusafiria ya New Zealand, hospitali ya New Zealand na ndugu zake Wellington ana haki ya kufikiri mara mbili. Lakini tazama kwamba waliulizwa. Na mambo ya kila siku hayaamuliwi Wellington: kila kisiwa kina baraza lake la wazee, na ukuu wa Tokelau nzima unashikwa kwa zamu baina ya visiwa vitatu.

Wana utaratibu mmoja ambao mvuvi wa Ushongo ataupenda na kuushangaa kwa pamoja. Wanauita inati. Samaki wakiletwa pwani kwa kazi ya pamoja, hugawiwa kwa hesabu ya watu: kila nyumba inapata kulingana na idadi ya vinywa vyake, awe ametoka mtu wa nyumba hiyo kwenda kuvua au hakutoka. Mjane anapata, mgonjwa anapata.

Kwetu chombo kikitia nanga samaki wanakwenda mnadani. Bei ikishapatikana, gharama za mafuta zinatolewa, kisha inagawanywa: fungu la chombo, fungu la nyavu, mafungu ya nahodha na mabaharia. Kitoweo kimeshatolewa kabla. Mama karanga wapo pale na ndoo zao, wananunua, wanakaanga, wanauza hadi bara. Ni mgawanyo wa haki kwa waliotoka baharini, na umedumu vizazi. Ila una tundu moja: mwenye chombo na nyavu anapata fungu hata akilala nyumbani, na mwamba aliovuliwa samaki haumo kwenye hesabu. Hakuna fungu la mwamba.

Hilo fungu la mwamba ndilo Maziwe. Ni eneo la kutovua. Kanuni yake ni rahisi kueleza na ngumu kumweleza mwenye njaa: samaki wakiachwa pale wanakua, wanazaa, na wanaotoka nje ya mpaka wanavuliwa na wote. Pwani ya Tanga imeteswa na baruti tangu miaka ya 1960. Bomu moja linavunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua, kwa samaki wa jioni moja. Ukijua hivyo, unaelewa kwa nini kipande cha bahari kilichotulia kina thamani.

Na wapo wanaoitegemea Maziwe bila kuvua. Nyumba za wageni zimejengwa kwenye ufukwe wa Ushongo, na mgeni anayelala pale ni nadra aondoke bila kwenda kisiwani kuogelea na kutazama matumbawe. Analipa ada ya hifadhi, analipa boti. Nahodha anapata, mpishi anapata, muuza madafu anapata. Usinidanganye kwamba ni uchumi mdogo. Kwa kijiji kinachotegemea samaki na nazi, fedha ya mgeni wakati wa kusi kali, vyombo vimekaa mchangani, inaonekana.

Sasa kasa. Kasa jike hurudi kutaga katika pwani alikozaliwa, hata ikiwa imepita miaka 20 au 30. Kwa hiyo bado wanakuja Maziwe. Wanapanda mchanga ambao bamvua ijayo itaufunika, wanachimba, wanaacha mayai zaidi ya 100, wanarudi baharini. Mayai yanahitaji kama siku 50 hadi 60 kuanguliwa. Yakiachwa pale yatakufa maji. Ndipo watu wa Ushongo, wakisaidiwa na shirika la Sea Sense, wanapoyahamishia ufukweni kwao. Kazi hiyo haitaki mikono ya haraka: yai lihamishwe saa chache tu baada ya kutagwa, lisigeuzwe, na shimo jipya lifanane na la mama kwa kina na umbo, kwa sababu joto la mchanga ndilo linaloamua kama atatoka dume au jike. Vifaranga wa Maziwe siku hizi wanazaliwa Ushongo. Ukitaka raia wa kisiwa kile, ni hao, na uraia wao umeandikwa na watu wa kijiji. Adui yao mkubwa baharini ni jarife, zile nyavu za macho makubwa zinazotegwa kwa papa na taa. Kasa akinasa anakosa pumzi.

Nimebakiza serikali. Maziwe iko chini ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, kwa Sheria ya mwaka 1994, ndani ya wizara yenye dhamana ya uvuvi. Ipo pia Halmashauri ya Pangani, na ipo serikali ya kijiji. Sheria ya Uvuvi ya 2003 ikaleta vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali, ambavyo kila mtu anaviita BMU. Tangu kabla ya sheria hiyo, kuanzia 1994 hadi 2007, mkoa wa Tanga ulikuwa na mpango wa hifadhi ya pwani uliosaidiwa na Ireland na shirika la IUCN. Wavuvi wa vijiji jirani waliketi pamoja, wakapanga maeneo ya usimamizi, Boza-Sange hapa kwetu, Mtang'ata kule kaskazini, wakaamua wenyewe miamba ipi ifungwe na lini ifunguliwe. Mpango wa wafadhili ukiisha, vikao huwa vinapoa. Lakini mazoea ya kukaa kikao hayajafa. Wazee walioketi kwenye vikao vile wapo, na wanajua kuzungumza juu ya mwamba kama mali ya watu.

Kwa nini nasisitiza? Daraja la Pangani likikamilika, boti za Maziwe zitaongezeka. Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda linamalizikia Chongoleani, na meli kubwa zitakuwa wageni wa kudumu wa bahari ya Tanga. Mambo hayo yanaamuliwa mbali, na pengine ni sawa yaamuliwe huko. Ila idadi ya boti zinazotia nanga juu ya matumbawe kwa siku moja, maboya ya kufungia ili nanga zisivunje mwamba, zamu ya kulinda mayai, nani ameajiriwa na nani hakuajiriwa, haya hayahitaji Dodoma. Watu wa Atafu wangeyamaliza asubuhi moja barazani.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu. Ukikaa unaofuata pale Ushongo, mtu asimame kabla ya ajenda ya mengineyo. Aulize ada za Maziwe za robo mwaka iliyopita zilikuwa shilingi ngapi, na sehemu iliyorudi kijijini ilifanya kazi gani. Aulize pia boti ngapi zilikwenda. Jibu lisomwe kwa sauti, na karatasi yake ibandikwe pale panapofanyika mnada wa samaki, mahali ambapo hata mama karanga asiyehudhuria mkutano atapita na kuisoma.